Siku Tatu Zilizonidanganya Kuhusu Dawa ya Presha

Mwaka juzi niliacha kumeza amlodipini, dawa yangu ya presha. Vipimo vilikuwa vimeshuka, na kila jioni nikifunga duka langu la nafaka hapa Busia, upande wa Uganda, miguu imevimba hadi alama za soksi hazifutiki. Siku tatu bila dawa sikuona tofauti, kipimo nacho kikawa kizuri. Nikawatangazia jirani zangu sokoni kwamba nimepona. Siku ya tisa mashine ikasoma 186 kwa 112.

Muuguzi aliyenipima alinikalisha akanieleza. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli laini, na misuli hiyo hujibana kalisiamu inapoingia ndani ya seli zake kupitia vijilango maalumu. Ikishaingia, hushikana na protini iitwayo kalmodulini, kisha kimeng'enya kinaamka na kuifanya mayosini, protini inayokaza misuli, ivute. Mshipa unakuwa mwembamba, presha inapanda. Amlodipini huziba vijilango hivyo, basi. Chanzo cha presha haikigusi, na dawa ikiisha mwilini milango inafunguka tena.

Lakini haiishi upesi. Huchukua kama saa 30 hadi 50 kupungua nusu tu, kwa hiyo siku zangu tatu za "kupona" nilikuwa bado naishi kwa vidonge vya wiki iliyotangulia! Kwa sababu hiyohiyo, anayeianza leo asiseme kesho kwamba haifanyi kazi. Inahitaji wiki moja hivi kujijenga.

Na miguu? Dawa hii hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, maji yakavujia chini. Nilipomwambia daktari, alinishusha kutoka miligramu 10 hadi 5, akaongeza dawa ya kundi jingine inayodhibiti angiotensini, kemikali ya mwili ambayo nayo huiamuru misuli ileile ijibane. Uvimbe ukapungua. Ningesema mapema nisingefika 186. Ila mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, au pumzi ikikata, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama yangu, naye yuko kwenye dawa hii, alisikia neno kalisiamu akaacha chai ya maziwa. Mama, kunywa chai yako. Dawa inahusika na milango ya seli, haigombani na maziwa.

Siku hizi vikibaki vidonge saba naenda kununua vingine, na nikifuata mahindi Tororo pakiti iko mfukoni.