Muulize Dokta: Kabla ya kwenda Istanbul, nionyeshe kisogo

*Shikamoo Dokta. Nina miaka 34, nafanya kazi benki hapa Dar es Salaam. Nywele zilianza kurudi nyuma kwenye paji la uso nikiwa chuo, na sasa hata utosini ngozi inaonekana. Baba na baba mdogo wote wana vipara. Nimeweka akiba niende Istanbul mwezi wa kumi na mbili kupandikiza. Dalali amenitumia WhatsApp bei za aina tatu: FUE ya kawaida, FUE ya yakuti samawi, na DHI ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Anasema FUT ni ya kizamani, siku hizi hawaifanyi. Ameniahidi vipandikizi 4,500 kwa siku moja. Kwa sasa nanyoa namba sifuri kila wiki ili kipara kisionekane sana, ingawa mashine inaniachia vipele kisogoni na vingine vimekuwa vigumu. Nichague ipi?*
*B., Tabata*

Marahaba mwanangu. Barua nzima umeniandikia habari za bei, halafu jambo lenye uzito kuliko yote ukalitupia mwishoni. Vipele vya kisogoni. Tuanze na hapo, dalali atasubiri.

Nywele za kupandikiza hazitengenezwi. Zinatolewa nyuma na pembeni mwa kichwa, toka sikio mpaka sikio, kwa sababu vinyweleo vya huko havisumbuliwi na homoni inayodhoofisha vile vya mbele, na ukivihamisha vinakwenda na tabia yao. Daktari Norman Orentreich wa New York ndiye aliyelionyesha hilo miaka ya 1950, na kila kliniki unayoiona mtandaoni leo inakula kwa mgongo wake. Kwa hiyo kisogo ndicho kitalu chako. Miche ikishang'olewa pale, haioti mingine.

Sasa kitalu chenyewe kina ugonjwa. Mwanaume anayenyoa mpaka ngozi, akiwa na vipele kisogoni vinavyogeuka vinundu vigumu, mara nyingi tatizo lake si mashine chafu ya kinyozi. Vinyweleo vinavimba, vinaharibika, na mahali pake panainuka kovu. Kwetu Waafrika ni ugonjwa wa kawaida sana na unatibika zaidi ukiuwahi. Kutoboa maelfu ya matundu kwenye ngozi ya namna hiyo ikiwa bado imewaka ni kuichokoza. Acha namba sifuri leo. Mwambie kinyozi akuachie nywele kidogo, asipitishe wembe, na kola ya shati isikusugue shingo. Nenda kwa daktari wa ngozi akutazame. Kuna dawa za kupaka, kuna vidonge vya doksisaiklini, na vinundu vigumu vinaweza kuchomwa sindano ya steroidi.

Ukiwa huko, mvulie shati. Kovu lako la chanjo ya BCG begani likoje? Limelala, au limefura na kung'aa? Uliwahi kushonwa kidonda, kovu lake likavimba na kupita kidonda chenyewe? Kama ndiyo, una asili ya keloidi, na mimi singekushauri upandikize kwa njia yoyote ile. Kama huna uhakika, omba jaribio: vipandikizi vichache tu vihamishwe, kisha ngoja miezi mitatu hadi sita uone ngozi inajibu nini. Kliniki inayokataa jaribio kwa sababu tiketi yako ya ndege imeshakatwa imeshakujibu.

Haya, majina ya njia. Dalali kakuorodheshea tatu kana kwamba ni mashine tatu tofauti. Kuzitoa nywele kisogoni kuna njia kuu mbili tu. FUT ni kukata ukanda wa ngozi wenye upana wa sentimita moja hadi moja na nusu, kidonda kinashonwa, na ule ukanda unapelekwa mezani ambako mafundi wanauchambua chini ya hadubini kinyweleo kimoja kimoja. FUE ni kutoboa kila kinyweleo kwa kisu cha duara chenye kipenyo cha karibu milimita moja, mara nyingi chini ya hapo, kisha kukivuta. FUT inakuachia kovu moja refu la mstari, na nyuzi zinatolewa baada ya siku kama 10 hadi 14. FUE inakuachia vidoti vidogo vilivyotawanyika, na hakuna mshono.

DHI ni FUE ileile wakati wa kutoa. Tofauti yake iko kwenye kupanda: kinyweleo kinapakiwa ndani ya sindano yenye umbo la kalamu, inayotoboa na kuweka kwa mkupuo mmoja. Nayo ile yakuti ni ncha ya kisu cha kutobolea matundu ya mbele, badala ya chuma wameweka jiwe. Matundu yanaweza kuwa safi zaidi, sikatai, lakini mkono unaoshika kisu ndio unaopanga mwelekeo wa nywele. Usilipie kito.

Kuna kitu dalali hakukwambia, labda kwa sababu picha zake zote ni za Wazungu na Waarabu. Nywele yetu haijipindi juu ya ngozi tu. Inajipinda na chini yake. Mtu aliyezoea nywele zilizonyooka akishusha kisu wima, anakata mzizi njiani na kinyweleo kinakufa mkononi mwake. Ukitazama juu huoni kosa lolote. Kosa liko ndani ya nyama. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari walipendelea FUT kwa nywele za kipilipili: ukanda ukiwa chini ya hadubini, jicho linaona mpindo na kisu kinaufuata. Siku hizi wapo madaktari wanaofanya FUE vizuri kwenye vichwa vyetu, kwa visu vinavyofuata mpindo na kwa mwendo wa polepole. Hata ile kalamu ya DHI inasumbua, maana kinyweleo kilichojikunja hakipakiki kirahisi kwenye sindano iliyonyooka. Yaani hiyo ya ghali kuliko zote huenda ndiyo inayokufaa kidogo kuliko zote.

Na hizo 4,500? Kisogo chetu kwa kawaida kina vinyweleo vichache kwa kila sentimita ya mraba kuliko cha Mzungu. Ukichunwa kiasi hicho kwa siku moja unaweza kurudi na kisogo chenye mabaka, na wewe ndiye mwenye kunyoa chini. Uzuri ni kwamba nywele iliyojikunja inafunika ngozi vizuri, kwa hiyo huhitaji idadi kubwa namna hiyo. Tena una miaka 34, kipara kinaendelea, na ukiangalia baba zako unaona kinakokwenda. Bakiza akiba ya baadaye.

Ukiniuliza mimi: ikiwa vipele vimetulia, jaribio limepita salama, na bado unataka kunyoa chini, chukua FUE ya kawaida kwa daktari anayeweza kukuonyesha vichwa vya Kiafrika alivyovifanya, picha za mwaka mmoja baadaye, kisogo kikiwemo. Ikiwa uko radhi kufuga nywele za nyuma zifunike mstari, FUT si ya kizamani hata kidogo. Wenye kliniki nyingi hawaifanyi kwa sababu inataka daktari mpasuaji na timu iliyofundishwa hadubini. Muulize dalali swali moja kwa maandishi: ni nani atakayetoboa kichwa changu, jina lake na leseni yake? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji nywele, ISHRS, kimekuwa kikionya kuhusu kliniki ambazo daktari anapita kusalimia tu na kazi yote inafanywa na watu wasio na leseni.

Desemba isahau. Tumia miezi hii kutibu kisogo, na mwulize daktari kuhusu dawa za kipara: minoksidili ya kupaka ya asilimia 5 na vidonge vya finasteraidi, miligramu 1 kwa siku. Hata ukipandikiza, dawa ndizo zinazolinda nywele ulizonazo, na ukiziacha faida yake inapotea. Finasteraidi hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa wanaume wachache, ujue mapema. Kama mkeo ana mimba au anaitafuta, asishike kidonge kilichovunjika. Na siku ukipandikiza, usishtuke vipandikizi vikidondosha nywele ndani ya wiki chache za mwanzo. Zinaanza kurudi kwenye mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili utaiona baada ya mwaka.

*Dokta, habari za kazi. Nina miaka 46, niko Nakuru. Nimesukwa rasta na kushonewa weave tangu sekondari. Utosini nywele zinakatika, duara linapanuka kila mwaka, na jioni panawasha na kuuma. Rafiki yangu alipandikizwa nywele za mbele, zikaota vizuri. Nami nifuate njia yake?*
*Mama W.*

Njema, Mama W. Usifuate, angalau si sasa. Nywele za mbele za rafiki yako huenda ziling'olewa na kuvutwa na misuko. Mtu wa hivyo akiacha kusuka kwa kukaza, na ngozi ikiwa imetulia, kupandikiza kunashika. Wewe unaniambia utosi, duara linalopanuka, kuwasha na maumivu. Hiyo inaonyesha ugonjwa unaounguza vinyweleo toka ndani na kuacha kovu laini mahali pake. Ukipanda juu ya moto unaowaka, vipandikizi navyo vitaungua na fedha imekwenda.

Kwanza kipimo. Daktari wa ngozi atachukua kipande cha ngozi cha milimita 4 kwa ganzi, pembezoni mwa duara ambako nywele bado zipo. Katikati palipokwisha kuwa laini pana kovu tupu, hapatamwambia mengi. Kisha ni matibabu ya kuzima uvimbe, na huchukua miezi. Kupandikiza kunazungumzwa ugonjwa ukiwa umelala kwa mwaka au zaidi, na hata hapo kwenye kovu vipandikizi vinavyoshika ni vichache kuliko vya rafiki yako.

Fumua weave siku kadhaa kabla ya kwenda, usipake rangi wala dawa ya kulainisha, na nenda na kichwa kitupu. Uliza pia nyumbani kama mama au dada zako walianza hivyo utosini, umwambie daktari, maana ugonjwa huu hutembea katika familia.