Ningevaa Týr, lakini si kwa ajili ya ushindi

Swali lenu la wiki hii, "Ungechagua alama gani ya kuvaa shingoni, na kwa nini?", limenikuta tayari ninayo. Ni herufi ya runi iitwayo Tiwaz: mstari mmoja wima na miwili mifupi inayoteremka kutoka kileleni, kama mshale unaotazama juu. Nimeichonga mwenyewe kwenye kipande cha mti. Ukishika kisu utaelewa kwa nini runi hukwepa mistari ya kulala: kisu hufuata nyuzi za mti, mstari ukapotea.

Runi ni maandishi ya kale ya makabila ya Kijerumani ya Ulaya ya kaskazini. Miongoni mwa ya zamani kabisa ni neno "harja" kwenye kitana cha pembe kilichopatikana Vimose, Denmark, cha mwaka 160 hivi. Safu ya kwanza ilikuwa na herufi 24, na kila moja ilikuwa na jina: ng'ombe, mvua ya mawe, mavuno, jua. Miungu waliotajwa humo ni wachache mno. Siku hizi wauzaji huambatanisha karatasi inayoipa kila herufi mungu wake na bahati yake, na mengi ya hayo yalibuniwa katika karne ya 20. Tiwaz ni tofauti. Hilo ni jina la Týr mwenyewe, mmoja wa miungu hao wachache.

Karatasi hizo husema maana yake ni ushindi. Hawakuokota tu: shairi moja la kale humwagiza shujaa achonge runi za ushindi kwenye mpini wa upanga na amtaje Týr mara mbili. Mimi naivaa kwa sababu ya hadithi aliyoiandika Snorri Sturluson wa Iceland katika karne ya 13. Miungu walitaka kumfunga Fenrir, mbwa mwitu aliyekuwa akikua kupita kiasi. Alikuwa ameshakata minyororo miwili. Wakaleta utepe laini kama hariri, uliotengenezwa kwa vitu kama mshindo wa nyayo za paka na pumzi ya samaki. Fenrir akashuku. Akasema atakubali kufungwa iwapo mmoja wao ataweka mkono kinywani mwake, uwe rehani kwamba watamfungua. Wakatazamana. Týr akanyoosha mkono wa kulia. Utepe ukakaza, mnyama akafurukuta, miungu wote wakacheka, isipokuwa Týr. Mkono wake ulikwenda.

Alijua ahadi ile ni ya uongo, na alijua nani atailipia. Marehemu baba yangu alimdhamini jamaa yake mkopo. Jamaa hakulipa, shamba letu la minazi likauzwa. Sikumsikia hata siku moja akisema amedanganywa. Alisema tu, "Nilitia sahihi mwenyewe."

Shairi la runi la Iceland humwita Týr mungu wa mkono mmoja, mabaki ya mbwa mwitu. Lile la Kiingereza cha kale husema hiyo ni alama ya angani inayotunza uaminifu, isiyokosea njia juu ya giza la usiku. Kwangu mimi yote mawili yamo katika mistari ile mitatu.

Najua Wanazi waliitia herufi hii kwenye beji zao, na wapo wanaoivaa hadi leo kwa chuki. Inaniuma. Ndiyo maana yangu hukaa ndani ya shati, na anayeiona akauliza, namsimulia habari za mkono.