Mziki ni wako ila besi ni ya jirani: nilivyojifunza kupima sauti ya sabufa kwenye nyumba ya kupanga

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa mshahara wa mwezi wa pili kazini, kabla hata sijanunua kitanda. Godoro lilikua chini na sabufa ilikua juu ya stuli, wanaume wa geto mnanielewa. Kwenye boksi imeandikwa wati 5000 kwa maandishi mekundu, nikaja kushtuka baadae sana kwamba nyuma kwenye kile kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme imeandikwa wati 60. Zile za kwenye boksi ni za kuuzia, za nyuma ndo za kupigia mziki.

Chumba kilikua Sae, tofali za kuchoma, wapangaji sita, korido katikati, na silingi bodi moja imepita juu ya vyumba vyote maana kuta zinaishia pale pale, juu yake ni wazi mpaka kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza wa chumba cha sita anamwambia pole. Na mimi humo humo nlikua na kipimo kimoja tu cha sauti: mpaka nihisi kifuani. Nikishahisi kifuani najua sasa mziki upo.

Jumapili moja mama wa chumba cha pili akagonga mlango. Nikapunguza kwanza kabla sijafungua, si ndo tunavyofanyaga wote. Shikamoo mama. "Marahaba baba. Hebu rudisha sauti kama ilivyokua afu uje kwangu mara moja." Nikajua nimekwisha, nikarudisha, nikaenda, nikakaa kwenye kochi lake.

Aisee, kule hakukua na wimbo. Muimbaji hayupo, gitaa halipo, kinanda hakipo, kilichobaki ni du, du, du kama kuna mtu anatwanga kisamvu upande wa pili wa ukuta, na mifuniko ya sufuria kwenye kabati inaitikia tsss, tsss. Kulikua na kijiko ndani ya kikombe cha bati kinazunguka chenyewe taratibu, nimekiangalia hicho kijiko mpaka leo nakiona. Mama wala hakugomba, alinimiminia chai akaniuliza, "Huu ni wimbo gani, baba?" Nikashindwa kumjibu, na wimbo nimeuweka mimi mwenyewe.

Nilivyorudi chumbani nikaanza kufatilia kwa nini iko vile. Kumbe sauti nyembamba ukuta unazizuia vizuri tu, tatizo ni besi, wimbi la besi ya chini kabisa, tuseme ya hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), lina urefu wa karibu mita 7 na chumba changu chote ni futi 10 kwa 10, hilo wimbi ni refu kuliko chumba chenyewe, sasa tofali moja la kuchoma litalifanya nini? Linapita ukutani, linapita kwenye silingi, linapita sakafuni. Kwa hiyo jirani anayelalamika hasikii unachosikia wewe, wewe umempa nusu ya mziki na ni ile nusu mbaya.

Sasa swali la pili ndo lilinigusa zaidi, kwa nini nlikua naweka juu vile? Nikipunguza mziki unakua mwembamba, kama wa kwenye simu, raha inaisha, nikadhani sabufa mbovu. Kumbe ni masikio yetu binadamu. Mwaka 1933 jamaa wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipima hili jambo wakaonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza, afu kadri unavyoongeza besi inarudi. Yaani nlikua sitafuti kelele, nlikua naitafuta besi. Ndo maana amplifaya nyingi za zamani zilikua na kitufe cha LOUDNESS, kazi yake ni kuongeza besi pale unaposikiliza kwa sauti ya chini, wengi tulikua tunakibonya tukidhani ni cha kuongeza kelele tu.

Kwa hiyo nilichofanya, na ndo ninachokushauri kama unaishi nyumba ya kupanga: shusha sauti kwanza, afu ongeza besi kidogo tu, sio kinyume chake. Sabufa nikaitoa ukuta wa mama nikaipeleka kona ya ukuta wa nje, na kona yenyewe inaongeza besi bure bila kugusa kitu chochote. Chini yake nikaweka kipande cha godoro la zamani ili isitetemeshe sakafu, hii inasaidia kiasi, usitegemee maajabu. Na zile spika mbili ndogo ambazo wengi wetu tunazitundika juu karibu na silingi kama picha za familia, nikazishusha zikawa usawa wa masikio, mita moja na nusu hivi kutoka ninapokaa. Hapo ndo nikashangaa, kwa sauti nusu ya ile ya mwanzo nlikua nasikia hadi muimbaji anavyovuta pumzi.

Nikashusha na programu ya kupima sauti kwenye simu, sio kipimo cha fundi ila mwanga unapata. Maongezi ya kawaida chumbani yanasoma desibeli 60 hivi. Mziki wangu wa Jumamosi wa zamani, ule wa kufulia, ulisoma 92. Sasa hivi jioni nasikiliza kwenye 68 au 70 na nimeridhika kabisa. Usione ni tofauti ndogo, desibeli hazihesabiwi kama shilingi, ukiongeza 10 sikio linasikia kama mara mbili lakini amplifaya inatumia nguvu mara kumi, ndo maana ukiikazania sabufa ndogo inaanza kukoroma na twita, vile vispika vya sauti nyembamba, zinaungua. Na wataalamu wa afya kazini wanasema 85 ni masaa 8 kwa siku mwisho, ukipanda 3 muda unakatika nusu, 88 masaa manne, 91 masaa mawili. Mimi Jumamosi nlikua napiga tangu saa 2 asubuhi mpaka mchana, na jioni masikio yanalia nziiii nikadhani ni uchovu.

Kingine, flashi zetu hizi zenye nyimbo za kuchukua huku na kule, moja zilipendwa imerekodiwa chini, inayofuata singeli inapiga yowe. Usiku kaa karibu na pa kupunguzia sauti.

Na hili la umeme jamani, lizingatieni. Kuna siku umeme ulikatika mziki uko juu, nikatoka nikaenda Kabwe, nikarudi nikalala nimesahau kabisa. Ukarudi saa 8 usiku. Sauti ya sabufa yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, inabaki pale pale ulipoiacha. Nyumba nzima iliamka, watoto wanalia, mbwa wa jirani, mimi natafuta swichi gizani nikaikosa nikang'oa waya. Asubuhi nilipita mlango kwa mlango kuomba radhi, na yule mama wa chumba cha pili ndo alinitetea. Umeme ukikatika zima ukutani, saa hiyo hiyo, usiseme nitazima baadae.

Baada ya hapo nikaomba rangi ya kucha kwa dada yangu nikaweka nukta tatu pale pa kuzungushia sauti. Ya kwanza usiku, ya pili jioni, ya tatu Jumamosi mchana wenzangu wakiwa wametoka. Wageni wakija wakitaka kuongeza nawaonyesha nukta, wanacheka, ila hawapiti. Mama naye Jumapili siku hizi ananigongea ukuta niongeze kidogo kama ni kwaya, na nikiongeza namfungulia na mlango ili ausikie wimbo wote, sio du du du.

Mvua tu ndo sina dawa yake. Mzee wangu Tukuyu, na mnaijua mvua ya Tukuyu, ikianza kwenye bati anazima redio hata kama ni katikati ya taarifa ya habari, anavuta kiti mlangoni anakaa. Utotoni nlikua namuona wa ajabu, si aongeze tu sauti? Nimejaribu kuongeza mimi huku Sae, bati lilinishinda nikiwa kwenye nukta ya tatu. Na sasa hivi naandika imeshaanza kudondoka, ngoja nizime.