Muulize Mama Fundi: Core i7 ya WhatsApp

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina miaka 21, naishi Chumbageni, Tanga. Nimedunduliza shilingi 1,500,000 ili niunge mwenyewe kompyuta ya gemu. Kioo ninacho tayari, cha inchi 22, 1080. Nacheza mpira, GTA V na Valorant. Duka moja la Kariakoo limenitumia orodha hii kwa WhatsApp: prosesa Core i7-4770, RAM GB 32, kadi ya grafiki GT 730 ya GB 4, pawasaplai ya "500W" na kasha la vioo lenye taa. Rafiki yangu ananiambia niiache nitafute prosesa ya Ryzen 5. Sasa saba si kubwa kuliko tano? Halafu mama anahofia Luku itakwisha. Nishauri kabla sijatuma hela.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hela usitume.

Hiyo saba ni ya mwaka 2013. Ukiona i7 usishangilie, soma namba zinazofuata: 4770, ile 4 ya mwanzo ndiyo kizazi chake. Inakaa kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa mashine) za RAM ya zamani, DDR3, haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Ryzen 5 5600 ni ya 2022 na inaiacha mbali. Rafiki yako yuko sahihi, mnunulie soda.

Lakini prosesa ni kosa dogo. Kubwa ni kadi. GT 730 ni ya 2014, kazi yake kuonyesha barua na hesabu za ofisini. Kuiwekea GB 4 ni kufunga tangi la lori kwenye bajaji: mafuta tele, mwendo uleule. RAM 32 na taa zimewekwa kwa sababu zinasomeka vizuri kwenye simu.

Mimi huanzia kwenye kioo. Chako ni 1080, basi kadi ya RX 6600 ya GB 8 inakutosha kwa gemu zote ulizotaja. Theluthi ya hela yako iende huko, hata ikizidi kidogo, hasa ukiipata iliyotumika ikiwa nzima. Prosesa ndiyo hiyo 5600. Mazabodi chukua B550. B450 ni nafuu, ila iliyolala sana kabatini huenda isiitambue 5600 mpaka BIOS yake, programu ya ndani inayoiamsha mashine, isasishwe, kwa hiyo waiwashe mbele yako. RAM GB 16 kwa vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16, na mazabodi ikiwa na nafasi nne, uvichomeke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 huenda ikatembea chini ya hapo miaka yote na hutajua. Diski ya kuhifadhia, SSD ya GB 500, inatosha kuanzia. Hela ikibana, punguza kwenye kasha. Na liwe la wavu mbele; hilo la kioo kwa joto la Tanga utakuwa umenunua oveni yenye taa.

Sasa pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, kaa vizuri. Mwaka 2008, kwenye kibanda changu Magomeni, nilibadilisha pawasaplai ya mashine ya mteja, nikawasha bila kuangalia nyuma. Nyuma kulikuwa na swichi ndogo nyekundu imesimama 115. Umeme wetu ni 230. Paa! Moshi, harufu kama ya pembe iliyoungua, na muuza chipsi jirani akakimbia akiacha karai motoni. Mazabodi ya yule mteja nililipa kwa mafungu matatu. Mpaka leo, kabla sijawasha mashine ya mtu, kidole changu kinapapasa nyuma kuitafuta ile swichi, hata kwenye mpya ambazo hazina.

Wewe huko dukani geuza ubavu wa pawasaplai, usome jedwali dogo, siyo yale maandishi makubwa. Tafuta palipoandikwa +12V, zidisha 12 kwa ampea zake. Nimeshika nyingi zisizo na jina zinazojiita 500W, ukisoma jedwali ni ampea 18. Hizo ni wati 216. Kadi yako peke yake ni 132, prosesa 65, tayari umefika 197 hujahesabu feni wala SSD, na kadi ikishtukia mlipuko wa mabomu kwenye gemu inaruka juu ya hapo kidogo. Mashine itazimika ghafla katikati ya mechi na utadhani ni virusi. Ya 550W ya kweli huandika ampea 40 na kitu. Ipime na mkononi: ikiwa nyepesi kama boksi la viatu tupu, mrudishie mwenyewe.

Kadi iliyotumika usiinunue ikiwa mezani. Ichomekwe, gemu lichezwe nusu saa, uangalie michirizi na vidoa kwenye kioo, usikilize feni kama zinakwaruza. Fungua na GPU-Z, ni programu ya bure: kuna wajanja wanaobandika jina jipya kwenye kadi ya zamani, na yenyewe nyingi inazitambua.

Mwambie mama, na umsalimie sana: mashine hii ukicheza, pamoja na kioo, haitazidi sana wati 270. Saa nne ni kama uniti 1 na kidogo. Pasi ya wati 1,000 ikikaa motoni saa moja ni uniti 1 pia. Sasa sijui nani kwenu hupiga pasi zaidi.

La mwisho, maana kila mwezi napigiwa simu na mtu analia kwamba mashine mpya imekufa, feni zinazunguka na kioo cheusi. 5600 haina picha yake yenyewe. Waya wa kioo usiuchomeke juu, kwenye mazabodi. Ushushe chini, kwenye kadi.