Mshipi Mnene Kwenye Udi

SWALI: Nyuzi za udi, ile ala ya muziki, zimekuwa adimu huku kwetu, nikafunga mshipi wa kuvulia. Wa milimita 0.60 ulikatika, nikaweka wa 0.80 nikidhani utahimili zaidi. Kabla haujafika sauti ya do, kidaraja, kile kijiti kinachofungiwa nyuzi usoni mwa udi, kikabanduka. Kosa liko wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Kosa ni unene. Uzi mnene ni mzito, na uzi mzito hutaka kuvutwa zaidi ndipo utoe sauti ile ile. Hesabu yake: zidisha urefu unaotetema, kwa mita, mara 2, kisha mara mitetemo kwa sekunde, yaani hezi. Jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu kwa uzito wa mita moja ya uzi, kwa kilo. Unapata nguvu inayovuta uzi, kwa nyutoni.

Uzito huo usiukisie, wala usiamini sana unene ulioandikwa kwenye kibandiko. Kata mita 10, upeleke kwa sonara mwenye mzani unaosoma hadi gramu 0.01. Mita hizo 10 za nailoni ya 0.60 huja karibu gramu 3.2, yaani kilo 0.00032 kwa mita moja. Ukipima mita moja tu, kosa dogo la mzani linaharibu hesabu yote.

Kwa udi ambao uzi wake unatetema sentimita 61, na do ya hezi 262, uzi wa 0.60 unavuta nyutoni 33, kama kilo 3.3. Wa 0.80 unavuta 58. Na nyuzi za udi ni jozi: kidaraja kilichozoea kilo 7 kimebebeshwa 12, nacho kimeshikwa na gundi tu.

Tena unene haukuongezei uhimilivu. Gawa nguvu kwa eneo la uzi: zote mbili zinabeba nyutoni 116 kwa kila milimita ya mraba. Kama nailoni hiyo haifiki do ikiwa nyembamba, haitafika ikiwa nene. Kwa hiyo tazama ule wa kwanza ulikatikia wapi. Ikiwa ni kwenye fundo, fundo ndilo lililoudhoofisha. Ikiwa ni kwenye ukingo wa shingoni, pana ncha kali: pitisha msasa laini, kisha paka risasi ya penseli.

Unapopima hezi kwa programu ya simu, dona uzi katikati kabisa. Ukidona karibu na kidaraja, simu huweza kushika sauti ya juu yake na kusoma 524. Nailoni mpya hunyooka na sauti kushuka, basi ikaze tena na tena kwa siku mbili kabla ya kuamini kipimo.

Kidaraja kikwangue gundi kuukuu yote, kigandishe, kibane siku nzima, ndipo ufunge 0.60.