Rangi inabanduka kwenye kioo, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka, nachora kwenye vioo vya dirisha, natumia akriliki. Ikikauka inapendeza kabisa ila nikipitisha kitambaa chenye maji inabanduka yote kama ngozi. Shida ni rangi au mkono wangu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama dada. Mkono wako hauna shida. Kioo hakinyonyi kitu, rangi inakaa juu juu tu, na akriliki ikikauka inakuwa utando wa plastiki, maji yakipata upenyo pembeni yanaingia chini yake na yote inanyanyuka. Hapo bado mafuta ya vidole. Osha kioo na sabuni ya maji, suuza, kausha, halafu pitisha spiriti kwa pamba safi, na baada ya hapo shika kingo tu, pale kati usiguse tena. Rangi hamia ya mafuta, ile ya makopo wanayopakia milango na mageti, inashika kioo vizuri zaidi.

Ila ushauri wangu mkubwa ni huu, acha kuchora mbele, chora nyuma ya kioo. Ndivyo wanavyofanya wachoraji wa Senegal, sanaa yao inaitwa suwer, tafuta kazi za Gora Mbengue uone, au zile zinazomchora Sheikh Amadou Bamba, kiongozi wa dini wa huko, ambazo chanzo chake ni picha moja tu aliyopigwa 1913. Wanatangulia mistari kwa wino mweusi, rangi zinafuata, na kioo chenyewe ndo kinalinda kazi, unafuta vumbi upande wa mbele na rangi haiguswi kabisa.

Sasa ugumu wake ni kwamba kila kitu kinaenda kinyume. Chukua jicho: unaanza na kile kidoa cheupe cha mwanga, kikikauka unaweka mboni nyeusi juu yake, halafu kahawia, halafu weupe wa jicho, ndo ije ngozi ya uso, na ukuta au anga ya nyuma unamalizia. Ukishapaka ngozi huwezi kurudi kwenye kidoa, kwahiyo kila ukimaliza rangi moja geuza kioo uangalie mbele, kosa likiwa bichi unafuta na pamba, likikauka unakwangua na wembe taratibu. Paka nyembamba na usubiri mpaka kesho yake, ukiharakisha rangi ya juu inaikunja ya chini. Mchoro wako wa karatasi ugeuze kabla hujauweka chini ya kioo, na majina yaandike kinyume, wengi hapa ndo wanapoharibu.

Ukichora kwenye Perspex, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, mambo ni tofauti, usiweke spiriti wala thina, inapata ukungu na vinyufa vidogo vidogo, ioshe kwa sabuni na maji basi, na hapo akriliki yako itakufaa. Glasi za kunywea chora nje tu na uache nafasi pale mdomo unapogusa.