Usimnunulie mtoto dawa ya meno isiyo na floraidi. Wangu kang'olewa magego mawili

Dada uliyeuliza duka gani hapa Tanga linauza dawa ya meno isiyo na floraidi (madini yanayolinda meno) ya mtoto wa miaka miwili: usinunue! Dawa hiyohiyo ndiyo iliyoniliza mimi.

Hayo uliyoambiwa, kwamba floraidi inafanya meno kuwa ya kahawia, niliambiwa na muuza dawa za asili kule Ngamiani. Akanitajia watu wa Arusha. Nikaamini, maana shemeji yangu wa huko kweli meno yana madoa. Yule baba hakunimalizia habari. Arusha floraidi imo kwenye maji ya kunywa, inatoka kwenye miamba ya volkano, na sehemu nyingine inapita mbali miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto anainywa miaka na miaka, meno ya ukubwani yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Dawa ya meno unapaka unatema. Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unachemka.

Nikampigisha mswaki kwa dawa ile asubuhi na jioni, sikukosa hata siku. Na chai ya maziwa yenye sukari kabla ya kulala. Baadaye nikaona mstari mweupe kama chaki kwenye magego, karibu na ufizi. Nikadhani uchafu, nikazidi kusugua. Kumbe vijidudu vikila sukari hutoa tindikali, nayo ilishaanza kunyonya madini ya ganda la jino. Na hapo jino lilikuwa bado linaokoleka! Floraidi ndiyo inayosaidia kalsiamu na fosfeti za kwenye mate zirudi kwenye ganda. Mimi nasugua mnanaa mtupu.

Siku moja anatafuna kashata, akapiga yowe. Nikamulika kwa tochi ya simu: shimo jeusi, kingo zake nyembamba kama ganda la yai, na harufu. Usiku ule alilala kashika shavu, kanga yangu imelowa udenda na machozi. Alikuwa na miaka minne. Daktari aliyeyang'oa akasema magego yale yalitakiwa kukaa mpaka miaka kama kumi, yakilinda nafasi ya meno ya ukubwani.

Kwa hiyo geuza boksi usome. Kama haina floraidi ya ppm (yaani sehemu kwa milioni) 1000 mpaka 1500, irudishe. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, akitimiza mitatu punje ya njegere. Msugulie mwenyewe, usimwachie tyubu akailamba. Ateme, asisukutue, floraidi ibaki kwenye meno. Ya usiku usiiache kabisa, na akishamaliza asile tena, asinywe chochote ila maji.

Leo kabla hajalala mnyanyue mdomo wa juu, umulike pembeni mwa ufizi. Ukiona weupe wa chaki, kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa meno.